Kopo la unga lililokufa na kitabu cha shangazi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia usiku wa manane. Alijitengenezea unga wa pankeki kopo zima, ukampa pankeki nzuri wiki tatu, na sasa kila anachomimina kikaangoni kinabaki bapa kama soli ya ndala. "Dada, nimekosea wapi?" Nikausoma ujumbe ule mara mbili. Kosa lake nalijua, maana nimeishi nalo.

Mimi nilianzia kwenye kitabu cha mapishi nilichorithi kwa shangazi. Hakina jalada, kurasa zimegandana kwa mafuta, na vipimo vyake ni vya kale: "siagi ya ukubwa wa yai", "sukari kikombe cha chai, kisijae sana". Kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, tunachokiona leo kuwa jambo la kawaida, kilipata nguvu baada ya Fannie Farmer, mwalimu wa upishi wa Boston, kukisisitiza katika maandishi yake ya mwaka 1896. Kabla ya hapo wapishi wengi walipima kwa mkono. (Siagi ya ukubwa wa yai ni kama gramu 55, nimeipima mara nyingi mno.)

Kilichonishinda kilikuwa neno saleratasi. Nikauliza, nikaambiwa ni jina la zamani la kitu ambacho leo nafasi yake imechukuliwa na bekingi soda. Nikafurahi, nikatia soda. Kitabu kilitaka pia maziwa yaliyochacha. Hapo nikajifanya mjuzi: nitawapaje wageni maziwa yaliyochacha? Nikatia maziwa mabichi mazuri kabisa.

Keki ilitoka na rangi ya kahawia iliyokolea kuliko kawaida, na ladha ya sabuni. Wifi yangu aliitema kwenye kitambaa mbele ya ukoo mzima, akasema, "Huyu ni mpishi wa vitabuni." Watu wakacheka. Miaka sita sasa, na bado nikikisikia kicheko kile kifua hunibana. Sikugusa kitabu kile karibu mwaka mzima.

Nilipokirudia, nilikisoma kama mtu anayetafuta haki yake. Nikaelewa kwamba maziwa yale yaliyochacha hayakuwa umaskini wa watu wa zamani. Yalikuwa ufundi. Soda haifanyi kazi sawasawa bila asidi: ipe mtindi, siki, limau au molasi na itatoa gesi inayoumua unga, na ukali wake utaisha. Ukiinyima, joto la oveni litaifukuza gesi kiasi, lakini litaacha chumvi kali nyuma, na hiyo ndiyo sabuni aliyoitema wifi yangu. Nusu kijiko cha chai cha soda inatosha kikombe kimoja cha mtindi. Huna mtindi? Tia kijiko kikubwa kimoja cha siki au maji ya limau kwenye kikombe cha maziwa, subiri dakika kumi, yatakatika. Basi.

Bekingi poda ni ndoa hiyohiyo ya soda na asidi, iliyofungwa ikiwa kavu. Alfred Bird wa Birmingham, Uingereza, alitengeneza yake mwaka 1843 kwa sababu mke wake alidhurika na hamira. Nampenda mtu huyu bila kumjua. Nyumbani natumia sehemu mbili za krimu ya tartari, ile asidi ya ungaunga inayopatikana kwenye mapipa ya mvinyo, sehemu moja ya soda na sehemu moja ya wanga wa mahindi. Wanga unanyonya unyevu ili soda na asidi visianze kazi kabla ya saa yake. Ukishatia maji, usikae kupiga soga. Poda ya nyumbani hutoa gesi yake mapema, wakati nyingi za viwandani huhifadhi sehemu hadi zikutane na joto.

Sasa kopo. Vikombe sita vya unga wa ngano, vijiko vikubwa vitatu vya bekingi poda, kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, vijiko vikubwa vinne vya sukari, kikombe kimoja cha maziwa ya unga. Chekecha pamoja mara mbili. Ukitaka pankeki, chukua kikombe kimoja, yai moja, robo tatu kikombe ya maji na kijiko kikubwa cha mafuta. Siku niliyolijaza kopo langu la kwanza nililiweka rafu ya juu ya jiko, mahali ambapo kila mtu angeliona. Nilijivuna. Kila nilipochemsha kitu, mvuke ulipanda kuelekea huko, nami nilichota kwa kijiko nilichotoka kukiosha. Mwezi wa pili pankeki zikalala chini.

Nikamuuliza msomaji wangu analiweka wapi lake. Juu ya jiko.

Dada, lishushe. Kabatini, penye giza, pakavu, mfuniko umebana, kijiko kikavu. Andika tarehe juu ya kopo, usiitegemee kumbukumbu. Ukitia siagi ndani ya mchanganyiko, makao yake ni friji. Ukitumia unga usiokobolewa, nao vilevile, maana mafuta ya kiini cha ngano huchacha. Na kabla ya kuwapikia watu, tia kijiko cha bekingi poda yako kwenye maji ya moto. Isipotoa mapovu kwa nguvu, imwage, hata kama inakuuma. Usiwapikie watu kwa kubahatisha! Tarehe, ukavu, mfuniko. Nimesema na nitasema tena, maana tunapenda kusifiwa kwa kupika vya asili huku tukidharau maelekezo ya waliovitunza vitu hivyo kabla yetu. Wakiandika maziwa yaliyochacha, tia yaliyochacha.

Mwezi uliopita wifi alinipigia simu. Alikuwa amekula pankeki kwangu, akataka vipimo vya kopo. Nikampa vyote, na kopo moja lililojaa nikampelekea, tarehe imeandikwa juu. Ile keki hakuna kati yetu aliyeitaja.