Maswali na Majibu: Mary Ann Shadd Cary, Mwalimu Aliyegombana Hata na Wenzake

Juma lililopita niliandika kwa kifupi juu ya walimu weusi wa Marekani waliopigana na utumwa katika karne ya 19, nikamtaja Mary Ann Shadd Cary katika sentensi moja tu. Maswali mengi yaliyofuata yalimhusu yeye, na leo nayajibu yale yaliyojirudia.

*Je, Mary Ann Shadd alizaliwa mtumwa, na kama hakuwa mtumwa, alijuaje uchungu wa utumwa?*

Hakuwa mtumwa. Alizaliwa akiwa huru tarehe 9 Oktoba 1823 mjini Wilmington, katika jimbo la Delaware, akiwa kifungua mimba wa watoto 13 wa mshona viatu Abraham Shadd. Hata hivyo Delaware ilikuwa jimbo la utumwa, na mtoto mweusi, hata aliyezaliwa huru, hakuwa na shule ya kwenda. Kwa sababu hiyo familia ilihamia West Chester, Pennsylvania, ambako Mary Ann alisomeshwa na Wakristo wa madhehebu ya Marafiki (Quakers), wale wale ambao wasomaji wa Kaimosi na Vihiga wanawafahamu vizuri. Baba yake alikuwa wakala wa gazeti la kupinga utumwa na aliwahifadhi watumwa watoro nyumbani kwake, kwa hiyo binti aliwaona kwa macho yake watu waliofika usiku na kuondoka kabla ya mapambazuko. Alipofika umri wa takriban miaka 16 alirudi Wilmington kufundisha watoto weusi, akitoa katika mji ule kile alichonyimwa hapo.

*Kama alikuwa huru, kwa nini alikimbilia Kanada?*

Kwa sababu ya Sheria ya Watumwa Watoro ya mwaka 1850, ambayo iliufanya uhuru wa mtu mweusi kuwa kitu cha kubahatisha hata katika majimbo ya kaskazini. Mtu aliyedaiwa kuwa mtoro hakuruhusiwa kutoa ushahidi wa kujitetea wala hakupewa baraza la wazee wa mahakama, na kamishna aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akimkabidhi mtu huyo kwa mdai, lakini dola 5 tu akimwachilia. Msomaji atapima mwenyewe mizani hiyo ilielemea upande gani. Mwaka 1851 Mary Ann alihudhuria mkutano wa watu weusi mjini Toronto, kisha akaenda Windsor, ng'ambo ya mto kutoka Detroit, mahali ambapo watoro wengi walikanyaga kwa mara ya kwanza ardhi iliyokuwa chini ya Uingereza.

*Ulisema aligombana na wenzake. Waligombana juu ya nini hasa, maana wote walikuwa wapinga utumwa?*

Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu tumezoea kuwasimulia wapigania uhuru kana kwamba walikuwa kwaya moja yenye sauti moja.

Huko Windsor Mary Ann aliwakuta watoro wakiishi kwa shida katika majengo ya zamani ya kambi ya jeshi, na humo akafungua shule, akifundisha watoto mchana na watu wazima jioni. Mjini humo humo walikuwapo Henry Bibb, aliyetoroka utumwani Kentucky na sasa alikuwa na gazeti lake, na mkewe Mary, ambaye naye alikuwa mwalimu. Sheria ya shule ya Kanada ya Magharibi (Ontario ya leo) ya mwaka 1850 iliwaruhusu weusi kuwa na shule zao za pekee zenye msaada wa serikali, na akina Bibb waliona kwamba, maadamu wazungu walikuwa wakiwafungia milango watoto weusi, shule ya pekee ilikuwa bora kuliko kukosa shule. Mary Ann alikataa katakata. Alisema shule yake iko wazi kwa mtoto wa rangi yoyote, na kwamba watu waliokimbia ubaguzi hawana sababu ya kuujenga upya kwa mikono yao wenyewe.

Ugomvi wa pili ulihusu misaada. Chama kilichoungwa mkono na Bibb kilikusanya fedha na nguo Marekani ili kuwanunulia watoro mashamba, na Mary Ann aliuita mpango huo ombaomba, akidai kwamba mawakala walijinufaisha na kwamba watoro, ambao walikuwa watu wenye mikono na ufundi, walikuwa wakionyeshwa kwa dunia kama mafukara wasioweza kujisimamia. Bibb alijibu kwa kutangaza gazetini kwamba mwalimu huyo huyo alikuwa akipokea dola 125 kwa mwaka kutoka kwa Jumuiya ya Wamisionari ya Marekani huku akiwatoza wazazi ada. Jambo hilo lilikuwa kweli na lilimuuma. Mapema mwaka 1853 wamisionari walikatisha msaada wao, wakitoa sababu ya imani yake ya dini, ingawa ni vigumu kuamini kwamba kelele za Windsor hazikuchangia, na shule ikafungwa.

Kwa maoni yangu, juu ya shule alikuwa sahihi, na juu ya Bibb hakuwa mwadilifu sana, kwani mtu aliyewahi kuuzwa sokoni ana haki ya kuona msaada kwa jicho tofauti na la binti wa fundi viatu aliyesomeshwa. Lakini ulimi wake haukuwa na breki, na wala hakuuanza ukali huo Kanada. Mwaka 1849 alimwandikia Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyekuwa mpinga utumwa mashuhuri, akilalamika kwamba watu weusi wa kaskazini wamefanya mikutano na kupitisha maazimio kwa miaka mingi bila matunda makubwa, na kwamba imefika saa ya kutenda zaidi na kusema kidogo.

*Ni kweli kwamba alikuwa mhariri wa gazeti lakini jina lake lilifichwa?*

Ni kweli. Toleo la kwanza la gazeti lake, *Provincial Freeman*, lilitoka tarehe 24 Machi 1853, na lilimtaja kama mhariri Samuel Ringgold Ward, mhubiri mwenye sifa kubwa, ambaye muda mfupi baadaye alisafiri kwenda Uingereza. Kazi yenyewe aliifanya Mary Ann, anayehesabiwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuhariri gazeti Amerika Kaskazini. Alipojitambulisha kwa herufi tu, M. A. Shadd, wasomaji walimwandikia kana kwamba ni mwanamume. Ilipojulikana kwamba ni mwanamke, upinzani ulikua, na mwaka 1855 gazeti lilipohamia Chatham, mji mwingine wa Kanada ya Magharibi, kiti cha mhariri alipewa mchungaji William Newman. Aliaga kwa kuwaambia wanawake weusi kwamba yeye amekwisha kuvunja barafu ya uhariri, basi anayetaka na aingie.

Mwaka huo huo, katika mkutano wa kitaifa wa watu weusi mjini Philadelphia, wajumbe walijadili kwanza kama mwanamke aruhusiwe kuketi nao. Waliomkubali walishinda kwa kura, naye alipozungumza aliongezewa muda.

*Je, alishiriki katika mpango wa John Brown na katika vita?*

John Brown, mzungu aliyepanga kuwakomboa watumwa kwa silaha, alifanya mkutano wake wa siri Chatham mwezi Mei 1858, na Osborne Anderson, aliyefanya kazi katika gazeti la akina Shadd, alikwenda naye Harpers Ferry, Virginia, kushambulia ghala la silaha la serikali mwaka 1859, akarudi hai. Mary Ann alimsaidia kuandaa kitabu cha ushuhuda wake. Wakati huo alikuwa mjane mwenye watoto wawili wadogo, kwa kuwa mumewe, kinyozi Thomas Cary, alifariki mwaka 1860. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipopamba moto alirudi huko kuwaandikisha wanaume weusi katika jeshi la Muungano, yaani la upande wa kaskazini, na jimbo la Indiana lilimpa hati rasmi ya kazi hiyo.

*Nimesoma kwamba alikuwa mwanasheria. Alipata wapi muda?*

Usiku. Baada ya vita alihamia Washington, akafundisha na kuongoza shule mchana, na mwaka 1869 akajiandikisha katika idara ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard. Shahada aliipata mwaka 1883, akikaribia miaka 60. Katika kipindi hicho alitoa hoja mbele ya Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi akidai haki ya wanawake kupiga kura, na mwaka 1880 alianzisha chama cha wanawake weusi cha kuidai haki hiyo. Alifariki tarehe 5 Juni 1893, miaka 27 kabla ya katiba kuwakubalia wanawake kura.

*Mbona Douglass anajulikana na huyu hajulikani?*

Douglass aliandika maisha yake mara tatu. Mary Ann hakuandika hata mara moja. Tena hakuwa na simulizi la kutoroka, ambalo ndilo wasomaji wazungu wa kaskazini walilipenda zaidi, na maandishi yake mengi yalitoka chini ya jina la mwanamume mwingine. Anayetaka kumsoma atafute kijitabu chake cha mwaka 1852 cha kuwashawishi watu weusi wahamie Kanada, ambacho kinazungumzia hali ya hewa, udongo, bei na sheria.

Msomaji wa Washington aliyeniuliza kama kuna alama yake mjini humo, aende Mtaa wa W, nyumba namba 1421, upande wa kaskazini-magharibi. Ni nyumba ya matofali iliyounganishwa na za jirani, naye aliishi humo katika miaka ya 1880.