Anayefurikiwa na Majitaka Siye Aliyeziba Bomba

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni mpangaji katika jengo la ghorofa tatu Upanga, Dar es Salaam, na ninaishi chini kabisa. Kwa wiki tatu sasa, kila walio juu wanapofua, maji machafu yenye povu hupanda kupitia tundu la sakafu ya bafu langu na kuenea hadi koridoni. Majirani wanasema nimetupa kitu chooni, kwa kuwa kwao hakufuriki. Mwenye nyumba anasema kuzibua ni gharama ya mpangaji. Fundi aliyeletwa amemwaga kostiki soda mara mbili bila mafanikio, na sasa anataka kumwingiza kijana wake ndani ya chemba (lile shimo la majitaka lenye mfuniko) iliyo nyuma ya jengo. Bili ya majitaka tunalipa kila mwezi. Je, jambo hili ni langu, la mwenye nyumba au la DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji?

JIBU: Dada, povu hilo limekwisha kunipa nusu ya jibu, maana siku ambayo wewe hukufua huwezi kuwa ndiye uliyelitoa. Nianzie hapo, kwa sababu katika malalamiko ninayoyapokea kutoka majengo ya ghorofa kosa hili hutangulia mengine yote: watu humtafuta mkosaji pale maji yanapotokea. Nyumba zilizopangana juu ya yako humwaga majitaka katika bomba moja la wima, kwa kawaida la inchi 4, ambalo likifika chini hupinda na kulala kuelekea chemba. Bomba likiziba mbele ya pindo hilo, maji ya kila aliye juu huja kusimama ndani yake, na kina chake hupanda mpaka yapate mwanya wa kwanza wa kutokea. Mwanya huo ni tundu la bafu lako, ambalo liko sentimita chache tu juu ya bomba lililolala. Ili jirani wa ghorofa ya kwanza aone hata tone, maji yangelazimika kupanda mita tatu hivi zaidi, nayo hayawezi kufika huko wakati kwako pana mlango ulio wazi. Kwa hiyo jirani anaposema kwake hakufuriki, hajathibitisha lolote kuhusu kile alichotupa yeye chooni wiki iliyopita.

Niliwahi kuitwa kwenye jengo ambalo mjane wa ghorofa ya chini alikuwa amelipia uzibuaji mara nne katika mwaka mmoja, kwa uamuzi wa kikao cha wapangaji wenzake. Tulipolifungua bomba tulitoa nepi za mtoto mchanga, ilhali yeye aliishi na mjukuu mmoja tu, aliyekuwa kidato cha pili. Hakuna aliyemrudishia fedha zake.

Jibu la swali lako, kwamba jambo hili ni la nani, limo chini ya mifuniko ya chemba. Mwenye nyumba amlete mtu mwenye nguvu na mtaimbo, azifungue chemba zote za kiwanjani kuanzia ile iliyo karibu na ukuta wa bafu lako mpaka ya mwisho kabla ya barabara, watu wakisimama upande upepo unakotoka na bila yeyote kuinamisha kichwa ndani. Kizibo kiko kati ya chemba iliyojaa na ile ya kwanza iliyo kavu baada yake. Ikiwa hata chemba ya kwanza ni kavu na kwako bado kunafurika, basi kizibo kiko chini ya jengo lenyewe. Ikiwa zote zimejaa mpaka ya mwisho, tatizo liko nje au mlangoni pa kutokea, na hapo ndipo DAWASA wanapohusika. Chemba ya barabarani msiifungue wenyewe, kwa sababu ni mali ya mamlaka na magari yanapita juu yake. Waiteni, nao wataifungua.

Mabomba na chemba zilizomo ndani ya kiwanja ni za mwenye kiwanja. Bomba kuu la mtaani ni la DAWASA, ambayo wazee wengi bado wanaiita DAWASCO ingawa vyombo hivyo viwili viliunganishwa mwaka 2018. Kipande kifupi kati ya chemba ya mwisho na bomba kuu ndicho huzaa ubishi, na hapo someni masharti ya mkataba wa kuunganishwa kabla ya kugombana na yeyote. Bili mnayolipa ni ya huduma ya kuyachukua majitaka yakishaingia katika mtandao, wala haigharimii bomba lililo chini ya bafu. Lakini ikiwa ni bomba kuu lililoziba, una haki ya kuhudumiwa: toa taarifa, dai namba ya taarifa hiyo, andika tarehe na saa, na piga picha. Wakikaa kimya, andika lalamiko rasmi kwao kwanza, kisha lipeleke EWURA, ambayo ndiyo inayosimamia huduma za maji na usafi wa mazingira na husikiliza malalamiko ya wateja. Lalamiko lisilo na tarehe wala namba halifiki mbali.

Kuhusu mwenye nyumba wako, hajasema kweli. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka anayepangisha sehemu tu ya jengo alitunze paa, kuta kuu, mabomba makuu ya majitaka na maeneo ya pamoja yawe katika hali nzuri. Bomba linalobeba maji ya familia kadhaa ni la pamoja kwa maana yoyote ile. Mpangaji huwajibika kwa sinki lake, kwa choo chake, na kwa kitu anachothibitika kukiingiza bombani yeye mwenyewe, na kuthibitika maana yake ni kukitoa kizibo na kukiona. Majengo yenye wamiliki wengi mambo huwa tofauti kidogo, kwa kuwa gharama hizo hubebwa na chama cha wamiliki, ila hilo si lako.

Sasa nije kwenye kostiki soda, ambayo kila wiki naikuta mahali ambapo haikupaswa kufika. Fundi anayeimwaga kabla hajafungua hata chemba moja hajui kizibo kiko wapi, hajui ni kitu gani, na bado anapokea fedha. Kostiki haiyeyushi nepi, haiyeyushi kitambaa, haiyeyushi mchanga wala steel wire ya kusugulia sufuria. Ikikutana na mafuta huyageuza sabuni, ndivyo sabuni inavyotengenezwa, lakini sabuni hiyo ndani ya bomba lenye maji baridi yaliyosimama huganda tena hatua chache mbele. Tena bomba likiwa limejaa, kostiki haikifikii kizibo; huzama, hulala kwenye pindo la kwanza na kushikamana hapo kama jiwe. Wakati wa kuyeyuka hutoa joto kali, na bomba la PVC huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 80. Bomba lililolegea hubonyea, na pale lilipobonyea panakuwa kibonde ambacho uchafu utatuama siku zote, hata baada ya kizibo cha kwanza kuondolewa. Mteja anarudi kwa fundi yuleyule baada ya miezi miwili, naye anamuuzia kopo jingine.

Mwaka jana tulitoa kizibo katika bomba la namna hiyo, kirefu kama mkono wangu. Tulipokikata kwa panga, nje kilikuwa cha kijivu na kilinuka; ndani kilikuwa cheupe na kigumu kama samli iliyoganda, kikiwa na punje za wali, nywele, mchanga na uzi wa dekio vilivyosukwa pamoja. Upande wa chini kilikuwa na gamba jeupe lililolia kama kigae tulipoligonga, nalo lilikuwa kostiki ya mafundi watatu waliotutangulia. Mafuta yale yalitoka majikoni, yakimwagwa sinki yakiwa ya moto na kuganda yakishafika bombani. Kazi iliyobaki ilikuwa ya fito za kuzibulia na maji ya msukumo mkubwa, tukianzia chemba iliyokuwa kavu kurudi nyuma, na ilimalizika kabla ya adhuhuri.

Kwa kuwa kwako imemwagwa mara mbili, maji yanayopanda bafuni sasa yanaweza kuunguza. Usiyaguse bila glovu na buti za mpira, mzuie mtoto asiyakanyage, na mweleze fundi yeyote atakayekuja kilichomwagwa humo kabla hajaingiza mkono. Usikubali mtu amwage tindikali juu yake, maana viwili hivyo vikikutana huchemka na kurukia usoni. Wala usimwage maji ya klorini ya kufulia nguo nyeupe mahali palipopita tindikali, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu la Upanga lenye kidirisha kimoja si mahali pa kuivuta. Kuhusu wakati wa masika, nitaongeza jambo moja kwa majirani zako: anayefungua mfuniko wa chemba ili maji ya mvua yaliyojaa uani yateremke humo, au anayeunganisha bomba la paa kwenye chemba, anaufurikisha mtaa mzima. Mabomba ya majitaka hayakupimwa kwa ajili ya mvua, na mchanga unaoteremka nayo hautoki wenyewe. Mtaro wa mvua ni kitu kingine, nao pia si mahali pa kutapishia choo.

Limebaki la kijana, na hili ndilo lililonifanya nikujibu leo badala ya kusubiri zamu ya barua yako. Majitaka yaliyotuama hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo ni nzito kuliko hewa na hulala chini ya chemba. Ikiwa kidogo, pua huitambua mara moja; ikifika kama sehemu 100 katika milioni, pua hufa ganzi, na mtu hudhani hewa imekuwa safi wakati ndipo imekuwa ya kuua. Ikizidi hapo mara kadhaa, pumzi chache zinatosha kumwangusha. Anayeteremka kumwokoa huvuta gesi ileile, na ndiyo sababu katika ajali hizi mara nyingi hutolewa maiti mbili au tatu, wa mwisho akiwa ndugu au rafiki aliyekimbilia kusaidia. Nimewasikia mafundi wakisema kijana anywe maziwa kwanza, au pombe kali, au ateremshiwe mshumaa ili ionekane kama hewa ipo. Maziwa hayafanyi lolote kwa gesi iliyokwisha kuingia kwenye mapafu. Mshumaa hauitambui haidrojeni salfaidi kwa kipimo kinachoua, na ukikuta gesi ya methani, ambayo nayo hutokana na majitaka, unaweza kulipuka mkononi mwa aliyeushika. Wanaoruhusiwa kuingia chemba za kina huwa na kipima gesi, kipuliza hewa, mkanda wa mwilini wenye kamba, na watu wa juu wanaoweza kumvuta bila wao kuteremka. Chemba ya nyuma ya jengo la makazi inazibuliwa kwa fito kutoka juu. Hakuna sababu ya mtu kuiingia.

Huyo kijana mrudishe nyumbani leo, hata kama itabidi umlipe nauli na nusu ya siku, kisha mfuniko urudishwe mahali pake mpaka mwenye nyumba alete watu wenye vifaa.