MSOMAJI AULIZA: Laptopu ya i7 ya laki nne na nusu au i5 ya laki sita?

SWALI: Habari za kazi kaka. Binti yangu kapata chuo, anaenda kusoma uhasibu, sasa kila siku ni wimbo wa laptopu tu. Nimeenda Kariakoo nikaonyeshwa HP EliteBook mbili za mtumba. Moja i7, RAM 16, laki nne na nusu. Nyingine i5, RAM 8, laki sita na hawashuki hata mia. Binti anang'ang'ania i7, na mimi naona ni kubwa halafu bei poa. Nichukue?
Mama wa mwanachuo, Morogoro

JIBU: Dada yangu, subiri kwanza, hapo kwenye i7 ndo watu wengi wanapigwa. Hiyo stika isikutishe, angalia namba inayofuata. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance kisha CPU, utaona jina zima la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Kwa bei hiyo nahisi utakuta kitu kama i7-4600U, hiyo 4 ya mwanzo maana yake kizazi cha 4, mambo ya 2013 huko, na ina koa (core, yaani vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) mbili tu. Sasa hiyo i5 ikiwa ni 8250U ni kizazi cha 8, koa nne, yaani i5 inaiacha i7 mbali kabisa. Halafu Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida (masasisho ya usalama) ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kuanzia kizazi cha 8. Mafundi wanailazimisha kwenye za zamani na inawaka vizuri tu, ila ikizingua huko mbele mnabaki wenyewe.

RAM 8 kwa Excel na kuandika ripoti inamtosha, na kwenye EliteBook nyingi inaongezwa baadaye bumu likitoka. Ila hakikisha diski ni SSD, ile ya kasi, GB 256 sio mbaya.

Usilipe kabla hujapima betri. Tafuta cmd kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows uifungue, andika powercfg /batteryreport, litatoka faili, humo linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 22,000, hiyo haifiki hata nusu, shusha bei au wabadilishe betri. Kibodi nayo igonge herufi zote, mimi nilimnunulia mpwa wangu moja dukani ikaonekana safi, kufika nyumbani herufi e haitoki mpaka uipige kama unaua mbu, na risiti sikuchukua. Izime pia uiwashe mwenyewe, ikidai paswedi kabla hata Windows haijaja iache hapo hapo.

Kwa hiyo i5, kama ni kizazi cha 8 kwenda mbele. Kama nayo ni ya kizazi cha 4 au cha 6, laki sita ni nyingi, vuka barabara uulize duka lingine. Begi waombe bure, huwa wanatoa.