Nani anatumia zaidi, Kenya au Tanzania?

SWALI: Nimechukua takwimu za matumizi ya kaya za Kenya na Tanzania tangu 2005, nikazigeuza kuwa dola kwa kiwango cha ubadilishaji cha kila mwaka na kuchora grafu. Mistari inayumba ovyo, na mahali pengine inaruka ghafla. Nimekosea wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kuyumba kunatokana na dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika shilingi 160 za Kenya. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Kaya inayotumia shilingi 16,000 kwa mwezi ilisomeka dola 100, kisha dola 123, bila kuongeza hata pakiti moja ya unga. Wastani wa mwaka hupunguza makali, lakini kasoro inabaki.

Amua kwanza unachouliza. Kama ni kasi, yaani matumizi ya nani yamekua haraka, dola haihitajiki kabisa. Chukua takwimu za bei za mwaka wa kizio, yaani mwaka mmoja ambao bei zake hutumika kuhesabu miaka yote, kila nchi kwa shilingi yake, gawa kwa idadi ya watu ya mwaka huo, kisha ufanye mwaka wa kwanza kuwa 100. Takwimu za bei za mwaka husika ziache, kwa kuwa zimebeba mfumuko wa bei.

Mruko unatokana na kubadilisha kizio. Tanzania ilihamia kizio cha 2007 mwishoni mwa 2014, halafu cha 2015 mnamo 2019. Kenya ilihamia 2009 mnamo 2014, halafu 2016 mnamo 2021. Mabadiliko ya 2014 peke yake yaliongeza Pato la Taifa kwa zaidi ya robo katika nchi zote mbili: hakuna aliyetajirika usiku mmoja, ila shughuli zilizokuwa hazionekani vizuri ziliingizwa hesabuni. Ili kuunganisha mfululizo wa zamani na mpya, tafuta mwaka uliomo katika yote miwili. Ikiwa matumizi ya mwaka huo ni 100 kwa zamani na 130 kwa mpya, zidisha miaka yote ya nyuma kwa 1.3. Tumia uwiano wa matumizi yenyewe. Wa Pato la Taifa ni tofauti.

Kama unauliza kiwango, yaani nani anapata bidhaa nyingi zaidi, hapo tumia uwezo wa kununua, yaani shilingi ngapi zinanunua nchini kile ambacho dola moja inanunua Marekani. Katika hazina ya takwimu ya Benki ya Dunia tafuta namba ya kipimo hicho, PA.NUS.PRVT.PP, ambayo ni ya matumizi binafsi, kisha gawa shilingi kwa kipimo hicho. Wengi hutumia ile ya Pato zima, yenye bei za mitambo na majengo ndani yake, vitu ambavyo kaya hainunui sokoni. Jibu linatoka katika dola za kimataifa, yaani dola zilizopimwa kwa uwezo wa kununua; usichanganye za 2017 na za 2021.

Na angalia Zanzibar. Takwimu nyingi za matumizi ni za Tanzania Bara tu, ilhali watu milioni 61.7 wa sensa ya 2022 ni wa Muungano wote. Ukigawa hivyo, unampunguzia kila mtu wa Bara takriban asilimia 3.

SWALI: Kenya, kama robo tatu ya Pato la Taifa ni matumizi ya kaya; Tanzania ni pungufu sana. Wakenya ni wafujaji? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana. Sehemu hiyo hukua pale uwekezaji unapokuwa mdogo au uagizaji unapozidi mauzo ya nje. Tena katika nchi nyingi matumizi ya kaya ni salio: hutolewa ya serikali, uwekezaji na biashara ya nje, kinachobaki kinaandikwa kuwa cha kaya, pamoja na makosa yote ya hesabu. Sera nazo huhamisha tarakimu. Tanzania ilipofuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne mwaka 2016, gharama ilihama kutoka kaya kwenda serikalini, mtoto akiwa darasa lilelile. Kwa hiyo ongeza kwenye matumizi ya kaya yale ya serikali kwa elimu na afya, nchi zote mbili, ndipo ulinganishe. Bili ya mtalii wa kigeni Nungwi au Maasai Mara haimo. Hiyo huhesabiwa kuwa mauzo ya nje.