Helmeti alivaa, mbona kichwa bado kinamuuma?

SWALI: Habari za kazi daktari. Naishi Calgary, Canada, mwanangu wa miaka 12 Jumamosi alienda na wenzake kuteleza na snobodi (ule ubao wa kutelezea kwenye theluji) akaanguka chali, kisogo kikapiga barafu. Helmeti alivaa na haina hata ufa, hakuzimia, akanyanyuka akaendelea. Leo siku ya 3 kichwa kinauma, mwanga wa simu unamkera, na akisoma ukurasa mmoja anaurudia mara mbili ndo aelewe. Mama yangu kapiga simu toka Tanga anasema nisimwache alale. Mtoto mwenyewe anataka kurudi mlimani wikiendi hii. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mama. Wikiendi hii asiende, hilo naomba asikubembeleze kabisa. Dalili hizo zinafanana sana na mtikisiko wa ubongo, na si lazima mtu azimie, wengi hawazimii. Helmeti inasaidia fuvu lisipasuke, ila ubongo unaelea kwenye maji humo ndani, kichwa kikisimama ghafla wenyewe bado unaenda unajigonga, kwa hiyo kukosa ufa hakutuambii kitu. Mpeleke kwa daktari leo.

Akianza kutapika tapika, au kichwa kinazidi, akaongea ovyo, akapata degedege, akawa mgumu kuamka, au mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyenzie, piga 911, namba ya dharura ya huko, hapohapo hata kama ni saa nane usiku. Mwigizaji Natasha Richardson, Machi 2009, alianguka mteremko wa wanaojifunza tu kule Mont Tremblant, Quebec, bila helmeti, akanyanyuka anacheka, gari la wagonjwa likarudishwa, baadaye kichwa kikaanza kumuuma na siku 2 mbele akafariki. Damu ilikuwa inavuja kati ya fuvu na utando wa ubongo. Kila nikikumbuka kile kicheko naumia.

Bibi mwambie kwa heshima kwamba mtoto akishaonwa na daktari alale, usingizi ndo unamponya. Shule arudi kidogo kidogo, simu punguza, michezo iwe ya mwisho kabisa na kwa ruhusa ya daktari, watoto wengine inafika wiki 4. Akigongwa tena ubongo haujapona inaweza kuwa hatari kubwa kuliko hii ya kwanza.

Na ile helmeti itupe tu mama, ile sponji ngumu ya ndani ikishabonyea hairudi, hata kama kwa nje bado inang'aa.