Jibu: Mama ana ugonjwa wa figo, je stroberi na forosadi ni ruhusa?

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama mama aache kabisa stroberi na forosadi kwa kuwa potasiamu yake, yale madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa, imepanda kwenye damu. Kwa kawaida hakuna haja ya kuacha. Tatizo ni kiasi. Gramu 100 za stroberi zina potasiamu kama miligramu 150, forosadi karibu 190, na bluuberi hazifiki 80. Ndizi mbivu inapita 350, parachichi ndiyo usiseme! Kwa hiyo nusu kikombe cha stroberi, mara moja kwa siku, wengi wanakimudu. Lakini mwulize daktari kwanza, maana kipimo chake cha mwisho cha damu ndicho kinachoamua.

Ninachokiogopa mimi ni juisi. Glasi moja inameza matunda ya watu watatu, halafu muuzaji anaongeza ndizi na maziwa. Na kama mama anasafishwa damu na amepimiwa maji ya kunywa kwa siku, hiyo glasi nayo inahesabika. Matunda yaliyokaushwa vilevile: maji yametoka, potasiamu imebaki.

Hujauliza, ila nakuomba: birimbi, hasa juisi yake, na lile tunda la manjano ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota, yasiingie nyumbani. Birimbi imejaa oksaleti inayoumiza figo. Hilo la nyota lina sumu ambayo figo dhaifu haziitoi. Huanza na kwikwi isiyokoma, kisha kuchanganyikiwa, hata degedege. Akionyesha hivyo baada ya kulila, hospitali mara moja.