Barua kwa mwanangu kuhusu picha ya ukutani

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku Temeke. Sisi wazima, baba yako goti linamsumbua lakini msikitini anakwenda. Ujumbe wako nimeupata. Unasema kamati ya shule imekuachia uchague picha moja ya kuchorwa kwenye ukuta wa mbele kabla ya tarehe 9 Desemba, na unaniuliza ipi inafaa: Luteni Nyirenda na mwenge kileleni Kilimanjaro, Mwalimu Nyerere akimimina udongo wa Tanganyika na Zanzibar, au ile aliyobebwa mabegani na bango la kudai uhuru kamili 1961. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza.

Zote tatu nzuri. Ya udongo ndiyo naipenda zaidi kuitazama. Lakini fikiri kidogo, mama: Hati za Muungano zilitiwa saini tarehe 22 Aprili 1964, siku nne baadaye tukawa nchi moja. Ni nani mtaani kwetu anayeweza kukutajia hata kifungu kimoja cha hati hizo? Tunabishana juu yake mpaka leo, bara na visiwani, na wengi wetu hatujazisoma. Vibuyu vya udongo lakini kila mtu anavijua. Muulize mwanao Muungano ni nini, atakwambia ni kuchanganya udongo. Picha imekaa mahali pa karatasi, na karatasi haitarudi tena.

Ndiyo maana nasema, na umenisikia tangu ungali na sare ya shule: ukipewa picha ya historia, anza kutazama pembeni. Katikati wamekwisha kukuchagulia. Kwenye hiyo ya udongo kuna vijana walioshika vyombo. Majina yao yapo, yameandikwa, nao walikuwa watu wenye kwao. Nitajie mmoja.

Au ile Sanamu ya Askari pale mjini. Ulipokuwa darasa la tatu ulinishika mkono ukaniambia yule ni mpigania uhuru wetu. Sikukulaumu, maana ana bunduki, ni mweusi, amesimama katikati ya jiji, mtoto angedhani nini kingine? Waingereza ndio waliomweka mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita kuu ya kwanza, pale pale Wajerumani walipokuwa wamesimamisha sanamu ya Wissmann, gavana wao. Vita haikuwa yetu, waliokufa walikuwa wetu. Siku ile nilikueleza yote haya ukasikiliza, kesho yake ukamchora na bendera ya Tanzania.

Sasa nikwambie ya kwetu. Picha ya kwa babu yako Ilala unaijua, ile yenye mkunjo. Ilikatwa gazetini kabla ya Uhuru: Mwalimu na Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa akina mama wa TANU, jukwaani, yeye mkono juu, mdomo wazi, kanga imemteleza begani. Bibi yako aliinunulia fremu kwa fedha yake mwenyewe, kwa sababu Bibi Titi alikuwa wao. Alitoka kwenye ngoma ya bomba kama wao, na alipoingia TANU, ni wanawake wa vikundi vya ngoma aliowaendea. Wakauza kadi nyumba kwa nyumba wakati waume wenye kazi serikalini wamekatazwa hata kujiunga.

Oktoba 1969 redio ikatangaza kwamba Bibi Titi amekamatwa pamoja na wengine kwa tuhuma za kutaka kuipindua serikali. Nilikuwa na miaka kumi. Babu yako alisikiliza mpaka mwisho, akazima redio, akaishusha fremu. Nilidhani ataichoma picha. Akakaa nayo mkekani, akang'oa vimisumari vya nyuma kimoja kimoja kwa ncha ya kisu, akaviweka kwenye kisahani visipotee. Akatoa karatasi, akaikunja pale kati ya wale wawili na kuupitisha ukucha juu ya mkunjo, polepole, kama mtu anayekunja barua. Akairudisha. Mwalimu akabaki peke yake, amesogea upande mmoja, na nafasi iliyobaki babu yako akaiziba kwa kipande cha kalenda. Bibi yako alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. Hakusema kitu, akaendelea kupeta.

Kuikunja si ndiko kunakoniuma. Kinachoniuma ni jinsi tulivyozoea upesi. Eid ikaja, wageni wakaja, harusi ya shangazi yako ikapita mbele ya picha ile, hakuna aliyeuliza. Mjomba wako Hamisi alizaliwa mwaka uliofuata, akakua akijua ni picha ya Mwalimu na kalenda. Ile sura ilikuwa mle mle ndani ya fremu, upana wa kidole nyuma ya kioo, na kijana wa nyumba hiyo hiyo hakuijua.

Lakini nikisema hivyo najipinga mwenyewe. Babu yako alikuwa na watoto saba na kazi moja ya bandarini. Tena si yeye aliyemhukumu Bibi Titi. Mahakama ilimkuta na hatia, akapewa kifungo cha maisha, na Mwalimu mwenyewe akamwachia 1972. Mtu anaweza kusema ukuta ulifuata sheria. Pia Bibi Titi alikuwa amekwisha kutofautiana na wenzake tangu Azimio la Arusha, hilo nalo ni kweli, na sitaki uende ukawaambia watoto kwamba alikuwa malaika. Sawa. Ila alipotoka gerezani, mbona picha haikukunjuliwa? Mwenyewe alikaa ndani miaka michache, sura yake nyumbani kwetu ikakaa zaidi ya ishirini. Hakuna hakimu aliyeagiza hayo.

Mpaka 1991, Uhuru ulipotimiza miaka 30 na gazeti la chama likamtoa tena Bibi Titi kama shujaa, ndipo bibi yako, babu yako ameshatangulia, alipoishusha fremu, akatoa kalenda, akakunjua. Hamisi alikuja jioni akauliza nani kabadilisha picha. Bibi yako alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo kabla wala baada.

Leo Bibi Titi ana barabara, tunapanda daladala tunaitaja. Lakini Mwalimu yuko kwenye noti ya elfu moja, Mzee Karume kwenye sarafu ya mia tano, mtoto anazishika sura zao kabla hajajua kusoma. Ya Bibi Titi ataishika wapi? Mwoneshe mwanafunzi yeyote wa shule yenu picha yake bila jina, uone.

Haya, najua unataka nikujibu. Ukuta ni wenu, kamati ni yenu, na nimejizuia tangu mwanzo wa barua nisikuchagulie. Mwenge ni mzuri kwa watoto, nakubali, na ya mabegani ina furaha ambayo ile ya udongo haina. Ila hiyo ya mabegani imejaa watu chini yake. Mkiichukua, mwambie mchoraji asiwafanye ukungu. Awape nyuso.

Na kama mtaona nafasi ya picha ya pili, Hamisi atakuletea yetu Ijumaa. Isitolewe kwenye fremu, karatasi imekauka. Mpeleke mpiga picha aipige ikiwa humo humo. Akikwambia anaweza kuufuta ule mkunjo kwa kompyuta, mkatalie.

Msalimie mkwe na watoto. Unga wa muhogo nimekuwekea, utakuja na Hamisi.

Mama yako